Matundu Mawili kwenye Ukuta wa Baba

Watu husema kuta zina masikio. Sijui wanasema kuta za nani. Ukuta ulio kati ya chumba cha mama yangu na changu ni kiziwi wa kuzaliwa. Unaweza kupiga ngoma upande mmoja, na wa upande wa pili akaendelea kukoroma bila wasiwasi. Aliujenga marehemu baba, fundi mwashi, aliyeamini kwamba nyumba isiyoweza kungoja mwisho wa dunia si nyumba. Wakati huo ulikuwa ukuta wa nje: jiwe kubwa, saruji, jiwe jingine kubwa, na lipu pande zote mbili. Unene wake ni kutoka ncha ya vidole vyangu hadi kiwikoni, na mimi si mfupi wa mikono. Baadaye familia ilipozidi, baba akaongeza vyumba kwa nyuma, na ukuta wa nje ukawa wa ndani. Mimi na mume wangu tunalala huko nyuma. Mama yuko mbele. Kitanda chake kimeegemea ukuta huo upande wake na changu kimeuegemea upande wangu, lakini kwa kusikizana ni afadhali tungekuwa miji miwili tofauti, maana hapo tungepigiana simu.

Basi asubuhi moja nilimpelekea mama chai, nikamkuta ameketi sakafuni kati ya kitanda na kabati, shuka begani, miguu mbele, ametulia kama mtu aliye kwenye foleni ya benki. Alikuwa ameanguka kabla hakujapambazuka, akienda msalani. Mkono wa kushoto ulikuwa umevimba na miguu imepoa.

"Mama! Umekaa hapa tangu saa ngapi? Uliita?"

Aliugeukia ukuta, akautazama. "Ukuta wa baba yako huo," akasema. "Nipe mkono."

Sikuuliza tena. Kumbe wakati mama yangu yuko chini kwenye baridi, mimi nilikuwa nyuma ya ukuta huo nimelala usingizi wa pono! Iliniuma sana. Muuguzi aliyekuja kumfunga mkono alijikwaa koridoni kama wanavyojikwaa wageni wetu wote, akasema nyumba hii ina nia mbaya na watu. Sikuwa na nguvu za kumbishia.

Habari zikamfikia dada yetu wa kwanza, anayeishi mji mwingine, ghorofa ya nne. Tunamwita Dada Mkubwa, na si kwa sababu ya umri tu. Kazini kwake anasimamia ghala, na ukimpa nafasi atakupanga na wewe kwenye rafu.

"Jumamosi nakuja," akasema kwenye simu. "Kama mama bado hawezi kusikika akiita, naondoka naye. Huku kwangu kuta ni nyembamba. Jirani akikohoa, tunamwambia pole."

Nilimweleza mama, nikitegemea vita. Mama yangu ni mwanamke anayebishana na redio. Lakini alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Nitakwenda popote mtakapo," kisha akaanza kukunja nguo zake kwa mkono mmoja. Hapo ndipo nilipoogopa. Mama akikubali haraka, ujue moyo wake umevunjika. Hapa ana kiti chake barazani na kila apitaye lazima asimame atoe hesabu ya mambo yake. Huko ghorofa ya nne angetazama tangi la maji la jirani mpaka siku zake ziishe. Nilijua atakufa kwa upweke, na nilijua hatasema.

Kwa hiyo nilikuwa na hadi Jumamosi kumfanya mama asikike, na yeye mwenyewe alikuwa kikwazo changu cha kwanza. Nikamwambia nitalala chumbani kwake. "Mimi si mtoto." Nikamwambia basi tulale milango wazi. "Mlango wazi ni wa duka." Nikamwekea simu ya vibonye chini ya mto, akaizima ili isimalize chaji. Kaka yangu akaleta kengele isiyo na waya, kitufe kwa mama na mlio kwangu. Ukuta ukaimeza kama unavyomeza kila kitu. Mpaka tunagundua kwamba inalia mtu akisimama nayo mlangoni, mama alikuwa ameshakificha kitufe kabatini, ndani ya soksi, ili kisiibiwe.

"Mnahangaika bure," akasema mwishowe. "Toboeni tundu, mpitishe kamba, mfunge kengele huko kwenu. Kamba haina betri wala mtandao. Toboeni popote, mradi huyo dada yenu akija alione tundu."

Ningekuwa na akili siku ile ningeyapima maneno hayo. Lakini nilifurahi mno kusikia anabisha tena.

Hapa sina budi kuwaeleza mafundi wangu, na Mungu aniepushe na dhambi ya kusengenya. Wa kwanza ni kaka yangu, kitindamimba wetu, jina lake nyumbani ni Injinia. Jina alilipata utotoni alipoifungua redio ya baba, akaifunga tena, ikalia. Vipande vilivyobaki mezani hakuna aliyeviulizia. Siku hizi anauza simu na chaja, na hakuna jambo asilolijua. Wa pili ni mume wangu, dereva wa basi la shule, mtu mpole ambaye husoma maelezo ya kwenye kiberiti kabla ya kuwasha njiti. Mmoja hukata kabla ya kupima, mwingine hupima mpaka kitambaa kichakae. Mafahali wawili hawakai zizi moja, nami Jumamosi ile niliwaweka kwenye ukuta mmoja.

Injinia alisema atafika asubuhi na mapema. Alifika jua limesimama utosini, ameshika drili ya kuazima na biti moja.

"Biti fupi hiyo," mume wangu akasema baada ya kuizungusha mkononi kwa muda mrefu. "Inapita nusu ya ukuta kidogo tu. Haitokezi."

"Shemeji, tumia kichwa. Natoboa kwa mama mpaka nusu, wewe unatoboa kwenu mpaka nusu, tunakutana katikati. Hata mahandaki ya treni huchimbwa hivyo."

"Na tukipishana?"

"Tupishane vipi? Tepu ni hii hii moja. Kutoka sakafuni, sentimita tisini. Kutoka ukuta wa korido, mita moja. Namba zile zile huku, namba zile zile kule. Namba hazidanganyi."

Hata mimi nikaona ana hoja. Namba ni namba. Tulikubaliana sote, watu wazima tuliokula chumvi, na hakuna aliyekohoa.

Injinia akaanza upande wa mama. Mama alikataa kutoka. Alijifunika kitambaa kichwani, akakaa kitandani kusimamia. Lipu ilipasuka kama mkate. Kisha biti ikafika kwenye jiwe, na drili ikaanza kulia kilio ambacho nadhani marehemu alikisikia kaburini. Vumbi likatoka jeupe, likamkaa Injinia kwenye kope mpaka akafanana na babu yake.

"Polepole!" mama akapaza sauti. "Hiyo ni lipu ya mikono yake!"

"Mama, wewe ndiye uliyesema tutoboe."

"Nilisema mtoboe. Sikusema muupige vita."

Alipofika mwisho wa biti, drili ikahamia kwa mume wangu. Nilikuwa nimefunika kitanda changu kwa nailoni, lakini vumbi la jiwe halijui nailoni. Lilikwenda mpaka ndani ya foronya. Mume wangu akapima, akaweka alama kwa penseli, akaipuliza, akapima tena. Akatoboa kwa subira, akimwagia maji kidogo biti ilipopata moto. Nilisimama nyuma yake nikiomba kimoyomoyo. Biti ikazama yote. Akaichomoa, akainama, akachungulia.

"Giza," akasema.

Kule kwa mama, Injinia alikuwa amechomeka spoku ya baiskeli kwenye tundu lake. Iligonga jiwe. Mume wangu naye akachomeka waya kwenye lake. Jiwe.

"Mwambie mumeo amepinda!" Injinia akaniambia, maana kwa ukuta ule hawakuweza kutukanana moja kwa moja. Nikatoka chumbani kwa mama, nikapita koridoni, nikaingia kwangu.

"Anasema umepinda."

"Mimi sijapinda. Mwambie yeye alikuwa anaongea huku anatoboa."

Nikarudi. "Anasema ulikuwa unaongea."

"Mwambie apime tena!"

Nikaenda. Nikarudi. Nikaenda. Nilibeba matusi ya watu wazima wawili kwenye korido ile mpaka magoti yakaniuma, na kila nilikopeleka nilirudishiwa mengine. Kila mmoja akapima upya, kila mmoja akakuta yuko sahihi, na kwa kweli walikuwa sahihi, hilo ndilo lililonitia wazimu. Wakakata shauri kwamba biti ilipindishwa na jiwe gumu mle katikati. Wakatoboa tundu la pili kando ya la kwanza, kwa namba zile zile, kila mmoja upande wake. Kilio kile kile, vumbi lile lile. Spoku ikagonga jiwe, waya ukagonga jiwe.

"Sasa tujaribu la tatu," akasema Injinia.

"Jaribu uone!" nikamwambia. "Ukuta umeshakuwa chujio! Mama atahamishwa leo, na nyinyi mnashindana nani amepinda! Hivi baba alizaa mtoto wa kiume au alizaa mdomo?"

Mama akacheka chini ya kitambaa chake. Injinia akanuna. Na ndipo tukasikia honi getini.

Dada Mkubwa aliingia na begi tupu. Ninalisema hilo kwa sababu nililiona: begi kubwa, jipya, jepesi mkononi mwake, lililokuja kujazwa. Alimkumbatia mama, akaushika mkono uliofungwa, akaugeuza taratibu, akatazama matundu mawili yaliyochimbwa juu ya kitanda.

"Ndiyo hii kazi yenyewe?"

"Inakaribia," Injinia akasema.

"Inakaribia wapi? Upande wa pili ukoje?"

Akatutangulia koridoni kwa mwendo wake ule wa ghalani. Nilimwona anakwenda, nikaona mguu wake unakanyaga hewa, nikasikia "Mama wee!" na begi tupu likaruka mpaka mlangoni kwangu. Dada Mkubwa akatua kwa goti moja.

"Nani kaweka ngazi hapa?" akauliza kwa hasira, machozi ya maumivu yakimlenga.

"Baba," nikamjibu. "Wakati huo ulikuwa hujamaliza hata shule."

Injinia aliitazama ile ngazi, kisha akaitazama tepu iliyokuwa mkononi mwake. Mume wangu akavua kofia.

"Sakafu," akasema polepole.

Ndiyo, sakafu. Kule nyuma ardhi inashuka, kwa hiyo baba alipoongeza vyumba aliviweka chini kidogo, akajenga ngazi moja hapo koridoni. Sentimita tisini kutoka sakafu ya mama ni mahali pamoja, na sentimita tisini kutoka sakafu yangu ni mahali pengine. Mimi, Injinia, hata mume wangu, tumeivuka ngazi hiyo maisha yetu, tukiwa na ndoo, na sahani za moto, na watoto mgongoni. Miguu yetu huinuka yenyewe bila kukiuliza kichwa. Mchana kutwa nilipanda na kushuka hapo nikipeleka matusi, na sikuiona! Ilihitajika mtu ambaye mguu wake umeisahau nyumba. Mgeni njoo, mwenyeji apone, walisema wahenga, ila nilipomwona dada yangu mwenyewe ameanguka kama wanavyoanguka wageni, roho iliniuma kwa ajili yake. Naye aliliona usoni mwangu, kwa sababu aligeuka pembeni akajifanya anakung'uta sketi.

Injinia alikuwa ameshapiga magoti anapima ngazi. "Rahisi sasa. Tunaongeza urefu huu upande wa shemeji, kwisha habari."

"Usiguse kitu," Dada Mkubwa akasema. "Korido hii imeinama. Baba aliiinamisha ili maji ya kudeki yatoke yenyewe. Ukipima ngazi peke yake utakosea tena. Leteni mpira wa maji."

Nilikuwa sijausikia mpira wa maji tangu baba afariki. Ni mpira mwembamba unaopenyeza mwanga, unaujaza maji, unashika ncha moja huku na mwenzako anashika ncha ya pili kule, hata kama kuna ukuta katikati. Maji hayana upendeleo. Yakitulia, usawa wa huku ndio usawa wa kule. Tulipokuwa wasichana, mimi na Dada Mkubwa ndio tuliomshikia baba ncha hizo, yeye moja na mimi moja, na ole wako utikisike.

Mpira wa baba haukuwepo tena. Mume wangu akaenda kwenye basi lake akaleta ule wa kunyonyea dizeli. Mama aliunusa tu ukiingia mlangoni. "Mnataka nife kabla sijahama?"

Tukauosha. Dada Mkubwa akaagiza chai ya rangi iliyolala, maana baba alichanganya chai kwenye maji ili mstari uonekane vizuri. Tukaujaza taratibu, tukiupigapiga mpira ili viputo vya hewa vitoke. Yeye akaingia kwa mama na ncha yake, akaishikilia kwenye tundu la kwanza la Injinia. Mimi nikaingia kwangu na yangu, nikaibana ukutani. Mume wangu akasimama koridoni kupokezana sauti.

"Anasema shusha kidogo."

"Mwambie nimeshusha."

"Anasema usitikisike, baba anakuona."

Nikashindwa kujizuia, nikacheka, chai ikatikisika, akanigombeza kupitia kwa mume wangu. Ilipotulia nikachora mstari. Ulikuwa juu ya matundu ya mume wangu kwa urefu wa kiganja kilichonyooshwa. Wanaume wawili wakaja kuutazama, wakautazama sana. Hakuna aliyesema neno kuhusu kupinda.

Injinia akanyoosha mkono kuchukua drili. Nikaiwahi. "Wewe kapumzike," nikamwambia. "Na wewe, baba watoto, nenda katafute kamba na kengele. Ukuta huu umenimaliza uvumilivu, sasa naumaliza wenyewe."

Nikatoboa. Kifua kilitetemeka, meno yakagongana, jasho likachanganyika na vumbi likawa uji usoni. Nilisukuma kwa hasira yote niliyokuwa nayo, na nilikuwa nayo ya kutosha nyumba mbili. Mara drili ikaruka mbele kwa ghafla mpaka ngumi yangu ikagonga lipu. Nikaizima, nikachomoa biti. Tundu likatoa pumzi ya baridi yenye harufu ya dawa ya kuchua anayopaka mama magotini. Nikalisogezea mdomo ili nipige kelele za ushindi, na ndipo niliposikia sauti. Walikuwa wawili tu mle ndani, mama na Dada Mkubwa, na drili iliponyamaza huenda walidhani nimepumzika.

"Mama, niambie ukweli," dada alikuwa anasema. "Siku ile uliita kwa muda gani?"

Kisha mama, karibu sana, kana kwamba amelala nami kwenye mto mmoja: "Sikuita."

"Hukuita?"

"Ningemwita vipi? Angekuja. Akija angekupigia. Ukipigiwa ungekuja na begi. Nikasema ngoja nijaribu kuinuka mwenyewe. Nikajaribu mpaka kukakucha."

"Mama, kwenye baridi ile!"

"Na mdogo wako anachoka. Anadhani sioni. Akiinua ndoo hushika kiuno. Nimwamshe kwa sababu miguu yangu haina adabu?"

Nilisimama na vumbi mdomoni. Siku zote hizo! Kitufe ndani ya soksi, matusi koridoni, matundu matano kwenye ukuta wa marehemu, kitanda changu kimegeuka kiwanda cha saruji, kumbe ukuta haukuwa na kosa lolote! Nilikuwa na hasira mpaka masikio yakawaka, na wakati huo huo nilikuwa nalia.

"Mama!" nikapaza sauti ndani ya tundu. "Nimekusikia!"

Nikasikia kitanda kinagonga ukuta. "Mungu wangu," mama akasema. "Limetokea?"

"Limetokea! Na nimekusikia yote! Ulikaa chini mpaka asubuhi makusudi?"

"Usinifokee kupitia ukutani. Kama una neno njoo mlangoni."

"Umeona?" Sauti ya Dada Mkubwa ikaja. "Hiyo ndiyo sababu lazima niondoke naye. Ukimwekea kengele hataipiga."

"Na huko kwako ataita?" nikamuuliza. "Kuta zako ni nyembamba, sawa. Mtu asiyetaka kuita hata ukuta wa karatasi haumsaidii. Hakuogopa kutosikika, dada. Alikuogopa wewe. Wewe na begi lako."

Nilijua nimemkata. Kama tungekuwa tunatazamana nisingethubutu. Yeye ni mkubwa wangu. Nilisikia anapumua, kisha nikamsikia anavuta kiti.

"Mama," akasema, na sauti yake ilikuwa ya msichana aliyeshika ncha ya mpira, "sikiliza. Ukiita, sikuchukui. Siku usiyoita nikajua, hiyo ndiyo siku nitakayokuchukua. Umenielewa?"

"Hata kama ni jambo dogo?"

"Hata kama ni jambo dogo."

Mama akafikiri. "Haya," akasema.

Nilitaka kumwambia dada afute sentensi ile ya mwisho, lakini nilikuwa nimechelewa.

Mume wangu akarudi na kamba ya nailoni na kengele. Nilikuwa nimewazia kikengele kidogo cha adabu. Yeye alileta ile ya mkono ya shule, waliyoistaafisha walipoweka ya umeme, kengele iliyozoea kuita watoto mia kadhaa kutoka uwanjani. Akaifunga juu ya kitanda chetu. Mama akavuta kujaribu, Injinia aliyekuwa barazani akamwaga maji ya kunywa. Dada Mkubwa akaagana nasi jioni. Begi lake lilikuwa na ndizi na mbogamboga tulizomfungia, basi. Alipofika kwenye ile ngazi akasimama, akaitazama, akaivuka kwa makini kama anayejifunza kutembea. Kisha akarudi nyuma, akaivuka tena.

Tangu siku hiyo sijakaa. Mama anatimiza ahadi kuliko serikali yoyote. Anavuta kamba miwani ikianguka. Anavuta kujua ninapika nini, na akishajibiwa anavuta kusema chumvi iwe kidogo. Anavuta jirani akipita na nguo mpya, ili nisikose kuiona. Mume wangu amejifunza kulala na pamba masikioni. Mimi hupiga kelele, "Nakuja!" na "Kuna nini tena?" na mengine ambayo hayaandikiki, kisha nakwenda.

Juzi mchana nilikuwa nakata vitunguu. Kengele ikalia. Nikasema moyoni, miwani hiyo. Nikamaliza kitunguu. Ikalia tena, ndefu. Nikaosha mikono nikigomba peke yangu, nikapita koridoni, mguu ukainuka wenyewe kwenye ngazi, nikaufungua mlango wa mama nikiwa na maneno tayari mdomoni.

Alikuwa ameketi sakafuni kati ya kitanda na kabati, miguu mbele. Kamba alikuwa ameizungusha kwenye mkono mara kadhaa, ameikamata kwa vidole vyote. Alinitazama kwa hasira ya kweli, ile anayoiwekea redio.

"Nimevuta mara mbili," akasema. "Mbona umekawia?"

Nikaketi chini pale pale kando yake, mikono ikinuka vitunguu, nikamwambia, "Samahani, mama. Nimekuja."